RAYNET: Zaidi ya Miaka 70 ya Kubeba Ujumbe wa Wengine

Mtandao wa dharura wa waendesha redio wa ridhaa nchini Uingereza, unaojulikana kwa jina la RAYNET, ulizaliwa mwaka 1953. Tangu hapo, anayeketi kwenye redio zake halipwi mshahara. Wanachama wake, takriban 2,000, ni watu wenye kazi zao au wastaafu, na kila mmoja ana redio na betri alizonunua kwa fedha zake. Waitwa watu wa ridhaa kwa sababu ile ile inayomfanya mchezaji wa mpira asiyelipwa aitwe hivyo: wanafanya kwa kupenda, na sheria inawakataza kujipatia fedha kwa kazi hiyo.

Jukumu lao halina maelezo marefu. Simu zinaponyamaza, wanachukua ujumbe wa polisi, wa hospitali au wa Msalaba Mwekundu na kuufikisha unakotakiwa, neno kwa neno, kisha wanarudi na jibu. Ni jambo dogo kulisikia. Lakini kabla ya mwaka 1953 mwendesha redio wa ridhaa wa Uingereza aliyefanya hivyo alikuwa anavunja masharti ya leseni yake, na ilibidi mamia ya watu wafe maji ndipo masharti hayo yafunguliwe.

Usiku wa bamvua

Jumamosi ya tarehe 31 Januari 1953 dhoruba kali iliteremka kutoka kaskazini mwa Scotland. Mchana wake iliikumba feri Princess Victoria, iliyokuwa ikivuka kutoka Stranraer, Scotland, kwenda Larne, Ireland ya Kaskazini. Mawimbi yalivunja milango ya nyuma ya sitaha ya magari, maji yakaingia, chombo kikalala upande. Afisa redio David Broadfoot aliendelea kutuma ishara za Morse kwa kituo cha pwani cha Portpatrick saa baada ya saa, akitaja mahali walipo na hali ya chombo. Alibaki kwenye mtambo wake hadi feri ikazama naye. Watu zaidi ya 130 walikufa, na hakuna mwanamke wala mtoto hata mmoja aliyeokoka. Broadfoot alitunukiwa baada ya kufa nishani ya George Cross, ya juu kabisa ambayo raia wa Uingereza anaweza kupewa kwa ushujaa.

Dhoruba ilipoingia Bahari ya Kaskazini ilikuta maji ya bamvua. Upepo ukayasukuma kusini, mahali bahari inapobanwa kati ya Uingereza na Uholanzi, yakapanda juu ya kuta za pwani. Jioni, kama saa moja hivi, yalikuwa yamekwisha kuvunja kuta za Lincolnshire. Yakashuka Norfolk, kisha Suffolk, kisha Essex. Kisiwa cha Canvey, kwenye mlango wa mto Thames, kilifikiwa usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Huko peke yake walikufa watu 58. England nzima ilipoteza watu 307 nchi kavu, na Uholanzi 1,836.

Tangu Lincolnshire ifurike hadi Canvey ifikiwe zilipita saa kadhaa. Maji yalisafiri pwani yote hiyo, lakini habari zake hazikusafiri nayo. Nguzo za simu zilianguka, vituo vya simu vikajaa maji, na hapakuwa na utaratibu wa kumwamsha aliye kusini kwa sababu ya yaliyomkuta wa kaskazini. Ng'ambo ya pili, Uholanzi, katika mji wa kisiwani wa Zierikzee uliokuwa umezungukwa na maji, kijana mjuzi wa redio Peter Hossfeld aliunganisha mtambo kwa vifaa alivyovipata, akafanikiwa kusikika nje ya kisiwa na kueleza kwamba watu wako juu ya mapaa. Nchini Uingereza kulikuwa na watu wengi wenye ujuzi kama wa Hossfeld. Kilichokosekana ni mpango wa kuwatumia, na leseni ya kuwaruhusu.

Leseni iliyofunga mdomo

Chama cha redio cha Uingereza, RSGB, kilianza mwaka 1913 kama klabu ya London. Wanachama wake walijenga mitambo yao wenyewe, wakazungumza na wenzao wa mbali, na wakapimwa ujuzi kwa mitihani. Lakini leseni ilitolewa na Posta Kuu, na Posta hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na ukiritimba wa simu na telegramu nchi nzima. Kila ujumbe uliopita hewani bila malipo ulikuwa telegramu ambayo Posta haikuiuza. Kwa hiyo leseni iliruhusu mambo mawili: kufanya majaribio ya mitambo, na kuzungumza na mwenye leseni mwingine habari za majaribio hayo. Kupokea ujumbe wa jirani na kumfikishia ndugu yake wa mji mwingine kulikatazwa.

Serikali haikuwa na shaka na ujuzi wao. Vita vilipoanza mwaka 1939 leseni zote zilifutwa na mitambo ya kurushia ikachukuliwa. Muda si mrefu idara ya siri ya ulinzi wa redio iliwarudia watu hao hao nyumbani kwao na kuwapa kazi ya kusikiliza ishara hafifu za Morse za Wajerumani. Waliziandika kwenye karatasi usiku, wakazituma kwa bahasha kwenye sanduku la posta huko Barnet, kaskazini mwa London, na nyingi zikaishia mikononi mwa wavunja msimbo wa Bletchley Park. Majirani hawakujua, na baadhi ya wake zao hawakujua. Leseni zilirudishwa mwaka 1946, pamoja na makatazo yale yale.

Gharika ya 1953 ndiyo iliyovunja ubishi. RSGB ilipeleka pendekezo la kuunda mtandao wa dharura wa wanachama wake, na kabla ya mwaka kwisha Posta ikakubali. Ulianza kwa jina refu lililofupishwa kuwa RAEN, na baadaye likatamkika vizuri zaidi kama RAYNET. Ruhusa yenyewe ilikuwa nyembamba. Mwanachama angeweza kubeba ujumbe wa taasisi chache tu zilizotajwa, miongoni mwao Polisi na Msalaba Mwekundu wa Uingereza, na angefanya hivyo pale tu taasisi hizo zinapomwomba. Hakuruhusiwa kujituma kwenye ajali kwa kuwa ana redio.

Sharti hilo la kuitwa kwanza lingeweza kuonekana ni urasimu wa Posta. Kwa kweli ndilo lililokijengea chombo hiki heshima. Kikundi kinachotaka kuitwa hakina budi kujulikana kabla ya siku ya kuitwa. Kwa hiyo viongozi wa RAYNET wa kila kaunti walilazimika kwenda kwa mkuu wa polisi, kwa afisa wa maafa wa halmashauri na kwa mkuu wa hospitali, wakajitambulisha, wakashiriki mazoezi yao na kuacha namba za simu. Waliofanya hivyo waliitwa, na wasiofanya walibaki na redio zao nyumbani.

Orodha ya wanaoweza kuwatumia imekua kadiri miaka ilivyokwenda. Leo leseni ya Uingereza inataja Msalaba Mwekundu, St John Ambulance na shirika la magari ya wagonjwa la St Andrew's la Scotland. Inataja pia Royal Voluntary Service, Jeshi la Wokovu, idara yoyote ya Serikali, na taasisi zote ambazo Sheria ya Dharura za Kiraia ya mwaka 2004 imezipa wajibu wakati wa maafa, kuanzia zimamoto na halmashauri hadi makampuni ya maji na umeme. Posta ingeshtuka kuisoma mwaka 1953.

Ujumbe unavyosafiri

Asiyewahi kuketi karibu na watu hawa wakiwa kazini hudhani kazi ni kuongea, kumbe sehemu kubwa ni kuandika. Tuchukue mfano wa shule iliyogeuzwa makazi ya waliokimbia mafuriko. Msimamizi wa makazi anaandika anachotaka kwenye fomu: kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, saa ngapi, maneno yenyewe, na jina lake. Mwendesha redio haongezi neno wala hapunguzi. Anaita kituo kikuu, anasubiri zamu yake, kisha anasoma taratibu kwa kasi ya mtu anayeandika upande wa pili.

Tarakimu hutajwa moja moja. Mablanketi 50 husomwa "tano, sifuri", kwa sababu kwa Kiingereza hamsini na kumi na tano hukaribiana sana masikioni, na kwenye mawimbi yenye kelele tofauti hiyo hupotea. Majina ya watu na ya dawa huendelezwa kwa Alpha, Bravo, Charlie. Daktari akiandika kifupisho ambacho mwendesha redio hakielewi, anakituma herufi kwa herufi bila kukifasiri. Aliyepokea anarudia yote aliyoyaandika, anathibitishiwa, ndipo saa inaandikwa kwenye daftari. Wiki mbili baadaye mtu akiuliza kama insulini iliombwa, na iliombwa saa ngapi, jibu lipo.

Jiografia nayo ina kauli yake. Redio za mkononi wanazozitumia zaidi hufanya kazi kwenye masafa ya megahezi 144, na mawimbi hayo hupenda njia iliyonyooka. Aliye bondeni hasikiki ng'ambo ya mlima. Dawa yake ni kumpandisha mtu mlimani, ndani ya gari lenye mlingoti na betri, apokee huku na kurudisha kule. Mtu huyo anaweza kukaa huko usiku kucha kwenye mvua. Pale milima inapozidi, wanashuka hadi masafa ya megahezi 3 hadi 7 na kufunga waya wa antena karibu na ardhi, ili mawimbi yaende juu yakagonge anga la juu na kurudi chini, yakiruka milima yote iliyopo katikati. Hapo hawahitaji mnara, wala setilaiti, wala kampuni ya simu.

Lockerbie

Jioni ya tarehe 21 Desemba 1988 ndege ya Pan Am namba 103 ililipuliwa kwa bomu juu ya Lockerbie, mji mdogo wa kusini mwa Scotland. Watu 259 waliokuwemo na 11 waliokuwa chini walikufa. Mabaki yalitawanyika kwenye eneo la takriban kilomita za mraba 2,190, na kwa kuwa lilikuwa tukio la jinai, kila kipande kilitakiwa kutafutwa. Simu za mji zilizidiwa mara moja.

Polisi, askari na waokoaji wa milimani walipekua mashamba na misitu siku baada ya siku, na wanachama wa RAYNET walikuwa miongoni mwa waliokwenda kuwasaidia kuwasiliana. Hapakuwa na la kishujaa katika kazi ya kusema kikosi fulani kimefika mahali fulani. Lakini katika msako wa ukubwa ule, kujua nani yuko wapi na eneo gani limekwisha kupekuliwa ndiyo nusu ya kazi yenyewe. Lockerbie iliwafundisha wakuu wa dharura wa Uingereza kwamba maafa makubwa hayasubiri miji mikubwa yenye mitambo mingi.

Miaka ya simu za mkononi

Miaka ya 1990 ilileta swali gumu. Kila askari alikuwa na simu mfukoni, na mwanzoni mwa karne hii polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa walihamia mtandao mpya wa redio za kidijitali uitwao Airwave. Maafisa wapya hawakuona haja ya wazee wenye antena. Vikundi vingi vilipungua, na vilivyosalia viliendelea kuwa hai kwa kuhudumia mbio za marathoni, matembezi ya hisani na mashindano ya farasi, vikiripoti mkimbiaji aliyeanguka au mtoto aliyepotea. Walikejeliwa kwamba wamekuwa walinzi wa mbio za Jumapili. Kejeli hiyo ilikosea. Mashindano ya siku moja milimani, yenye vituo kumi na ujumbe usiokatika, ni mazoezi ambayo ofisini hayapatikani, na akiba haiozi.

Asubuhi ya tarehe 7 Julai 2005, mabomu yalipolipuka London, kila mtu alishika simu kwa wakati mmoja. Karibu na Aldgate, polisi wa jiji waliiomba kampuni moja ifungie watu wa kawaida mtandao kwa saa kadhaa ili maafisa wapate nafasi. Minara ilikuwa mizima na umeme ulikuwepo. Kilichokosekana ni nafasi.

Miaka kumi baadaye ikawa zamu ya umeme. Usiku wa tarehe 5 Desemba 2015 dhoruba Desmond ilifurisha kituo cha kupozea umeme mjini Lancaster, na nyumba na biashara zipatazo 61,000 zikaingia gizani. Simu za mkononi zilikatika kwa wengi mara tu betri za minara zilipokwisha. Intaneti ikazima. Simu za mezani zisizo na waya zikafa, kwa sababu kitako chake huchomekwa ukutani. Mashine za fedha na za madukani zikagoma. Kilichobaki kuwaambia watu habari ni redio za betri zilizosikiliza kituo cha mtaa. Taasisi ya uhandisi ya Royal Academy of Engineering ilitoa ripoti juu ya siku hizo, na kiini chake ni kwamba mji wa kisasa umetundika kila kitu kwenye msumari mmoja wa umeme.

Novemba 2021 dhoruba Arwen ilikata nyaya kaskazini mwa England na Scotland, na kaya nyingine zilikaa zaidi ya wiki bila umeme katikati ya baridi. Vikundi vya RAYNET viliitwa tena. Hakuna aliyewauliza kama bado wana kazi.

Kutoka Bahari ya Kaskazini hadi Bahari ya Hindi

Jambo ambalo Uingereza ililikubali kwa shingo upande mwaka 1953, dunia ililiandika kwenye sheria nusu karne baadaye. Mkutano wa kimataifa wa redio uliofanyika Geneva mwaka 2003 uliruhusu vituo vya ridhaa vya nchi tofauti kubeba ujumbe wa watu wengine wakati wa dharura na uokoaji, na ukazihimiza serikali ziwawezeshe watu wake wa ridhaa kujiandaa kwa maafa. Mkutano huo huo uliondoa ulazima wa mtihani wa Morse, na mlango ukafunguka kwa vijana wengi.

Haukupita muda mrefu kabla ya mfano kuonekana. Desemba 2004 Bharathi Prasad, mwendesha redio wa India, alikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, amekwenda na wenzake kwa shughuli ya redio ya ridhaa. Tsunami ilipopiga tarehe 26 na simu kukatika, kituo chake kikageuka njia ya kupeleka habari za waliosalimika kwa jamaa zao bara. Wimbi lile lile lilivuka bahari na kuua watu Somalia, Kenya na Tanzania.

Kwetu pia leseni hizi zipo. Vituo vya ridhaa vya Tanzania huanza na 5H, vya Kenya na 5Z na vya Uganda na 5X, na Kenya ina chama chake cha muda mrefu. Sheria ya Geneva inatuhusu sawa na inavyowahusu Waingereza. Watumishi wa hifadhi, misheni na hospitali za mbali waliokulia kwenye redio za upepo kabla ya simu za mkononi hawahitaji kuelezwa thamani yake.

Hukumu ya miaka hii yote

RAYNET haikosi udhaifu. Wanachama wengi ni watu wazima, na vikundi vya baadhi ya kaunti vimebaki majina tu. Wapo pia wanaopenda redio kuliko wanavyopenda kuandika ujumbe wa mwingine, na hao huwa mzigo siku ya dharura. Msaada wa aina hii una mpaka: hauwezi kubeba mazungumzo ya mji mzima, na haupaswi kudai hivyo. Unaweza kubeba ujumbe mia moja ulio muhimu, kwa usahihi, pale ambapo hakuna njia nyingine.

Haja yenyewe inaongezeka. Uingereza imepanga kuzima mtandao wake wa zamani wa simu za waya wa shaba Januari 2027. Simu ile ya mezani iliyopata umeme wake kutoka kituo cha simu, na hivyo kulia hata nyumba ikiwa gizani, itaondoka. Baada ya hapo simu za nyumbani zitapita kwenye intaneti, na umeme ukikatika nazo zitakatika, isipokuwa mwenye nyumba awe na betri ya akiba. Ni hali ambayo sisi tulioruka simu za waya na kwenda moja kwa moja kwenye za mkononi tunaishi nayo tayari.

Kwa hiyo kumbukumbu ya RAYNET ina ushauri kwa kamati za maafa za wilaya zetu, na hauhitaji bajeti kubwa. Wajueni wenye leseni za redio walio katika eneo lenu kabla ya masika. Waiteni kwenye mazoezi, wapeni fomu zenu, na waonyesheni hospitali na ghala la misaada vilipo. Na wewe kijana unayefungua redio mbovu ili ujue kilichomo, nenda ofisi ya mamlaka ya mawasiliano ukaulize masharti ya leseni ya ridhaa. Canvey ilikuwa na saa kadhaa za kuokolewa, na hapakuwa na mtu wa kupeleka habari.